Kibali cha Siku Mbili

Miaka ishirini na miwili tumepanda nguzo za simu pamoja,
mimi na Wathum,
na safari zetu zote za mbali zilikuwa za matanga.
Safari hii hakuna aliyekufa.
Alisema hivyo kituoni Masindi, akasema tena Bulisa,
kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo umo.

Paraa tulilipia kibali.
Karani akatusomea masharti bila kuinua macho:
samaki apimwe, apigwe picha, arudishwe majini.
"Arudishwe?"
"Akiwa hai," akasema, akagonga muhuri.

Mimi ni mtoto wa Masese.
Kwetu sangara tulimjua kwa mifupa.
Minofu ilipanda ndege; mama alidamka na karai
akapange foleni nje ya lango la kiwanda
kununua mgongo wazi:
kichwa, uti, mkia,
na katikati, pale palipokuwa na samaki, upepo.
Tulifyonza macho. Tuligombania shavu.
Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipojua
kwamba mnyama huyu ana ubavu.

Isingoma akazima mashine chini ya maporomoko,
mahali povu linapita mapande mapande
kama huko juu kuna mtu anafua mashuka ya dunia nzima.
"Msitie mikono majini," akasema. Hakueleza.
Mamba aliyelala mchangani akaeleza, kinywa wazi.
Wathum akautoa ufito alioununua kwa mhandisi
aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao,
akaufuta kwa shati lake la kanisani,
akarusha. Akarusha. Jua likatukalia mabegani.
Tukala chapati baridi.
Akanieleza habari za binti yake asiyepokea simu
(sisi, mafundi wa simu),
kisha hatukueleza kitu.
Viboko wakacheka wenyewe kwa wenyewe.

Saa tisa mshipi ukalia
kama cherehani ya fundi mwenye nguo za watu mkesha wa Idi.
Wathum akasimama, akakaa, akasimama.
Uzi ulikwenda mbali mpaka nikadhani tumenasa mto wenyewe.
"Kiuno," akasema, "nishike kiuno!"
Nami nikamkumbatia rafiki yangu kwa nyuma,
jambo ambalo hatukulifanya hata siku ile Kamdini
umeme ulipomtupa chini akaamka anauliza koleo iko wapi.
Nilisikia moyo ukigonga chini ya jaketi la maboya.
Wake, au wangu. Dakika arobaini sikujua.

Likaja jicho kwanza,
rangi ya taa ya lori kwenye vumbi.
Halafu yeye mwenyewe, akaja, akaja, hakumalizika.
Isingoma akamshika taya kwa glavu.
"Mpokee," Wathum akaniambia, mikono imemkufa ganzi.
Nikapitisha mikono chini ya tumbo.
Mzito kama mtoto aliyesinzia njiani.
Nikaubana ubavu ule kifuani,
umejaa, hauna upepo popote,
na nikaona aibu, maana mate yalinijaa mdomoni.

Kumrudisha si kumtupa.
Unamwelekeza mkondo, unamshika, unangoja apumue.
Isingoma akatazama mchangani: "Mikono majini. Lakini upesi."
Tukainama wote wawili.
Matamvua yakafunguka, yakafunga, yakafunguka.
Ningeweza kuhesabu karo ndani yake, muhula mzima,
daftari na viatu.
Akatupiga maji usoni, akaondoka.

Picha hatukupiga. Hakuna aliyekumbuka.
Karani alipouliza urefu
Wathum akatanua mikono, akaiangalia,
akaipunguza kidogo.

Usiku, Wanseko, mwenye hoteli akataja alichonacho:
samaki wa kukaanga, samaki wa mchuzi, maharage.
Tukatazamana.
Maharage, tukasema.
Vidole vyangu vilinuka mpaka asubuhi,
na sikunawa mara ya pili.